Sufuri Niliyoisikia

Vijana wangu, nyinyi mnaoandika programu mkiwa mmeziba masikio kwa muziki, hebu ondoeni hivyo vidude kidogo niwasimulie habari ya sufuri. Si sufuri nyingi, ni moja tu. Na kwa kuwa nimeshastaafu, sina tena wa kumwogopa wala wa kumpendeza, nitasema na lile ambalo wastaafu wenzangu hulifunika wakisimulia kazi zao: nilikuwa na wivu. Tena si wivu wa kupita. Ulikuwa wivu wa kuamka nao, kunywa nao chai na kurudi nao nyumbani Sabaki jioni, mke wangu akiniuliza nina nini nami nikisingizia kichwa.

Naitwa Charo. Miaka yangu mingi niliimalizia Kilifi, ghorofani juu ya duka la mabomba, katika karakana iliyotengeneza maboksi ya kuendeshea pampu za maji. Boksi lenyewe ni dogo, unalibeba kwapani. Ndani yake mna chipu, na ndani ya chipu mna programu tuliyoiandika kwa lugha ya C. Kipimo kikisema maji yamepungua, programu inawasha pampu. Kikisema yametosha, inaizima. Wateja wetu walikuwa wakulima wa kandokando ya mto Sabaki na wenye vitalu vya chumvi kule Gongoni. Ukikosea maji ya mchicha, mchicha utakusamehe siku mbili tatu. Chumvi haina huruma hiyo.

Mkuu wetu alikuwa Fundi Shee, mtu wa Malindi mjini, kofia safi kila siku na Kiswahili cha kupangwa neno kwa neno. Mimi niliingia pale kazi yangu kulehemu nyaya, sijui C ni mdudu gani. Yeye ndiye aliyenivuta kiti karibu akanifundisha, akinigongagonga mkono kwa kalamu kila nikikosea. Alikataza majina ya Kiingereza ndani ya programu zake. Kina cha maji kiliitwa kina, jumla iliitwa jumla, na pampu ikaitwa pampu. Alisema, "Mimi nikifa, atakayekuja asome ajue nilikuwa nataka nini."

Na alikuwa na sharti moja ambalo sijaliona mahali pengine popote. Programu haikutoka karakanani mpaka isomwe kwa sauti. Ilichapishwa kwenye karatasi, nakala moja tu, sote tukakaa mezani na chai na mahamri, na mtu asiyeiandika akaisoma mstari kwa mstari wengine wakisikiliza. Nakala ilikuwa moja makusudi, ili wengine wafanye kazi kwa masikio. Mwandishi hakuruhusiwa kujisomea. Fundi alisema, "Wewe uliyeandika, ukisoma wasoma ulichokusudia. Kilichoandikwa hukioni."

Programu za Fundi mwenyewe zilisomwa na mimi. Miaka kumi na moja. Nilikuwa na kiti changu chumbani mwake, upande wake wa kulia karibu na dirisha, na kikombe changu chenye mstari wa buluu. Mtu akiingia akinikuta nimekaa pale, alijua mara moja nani ni nani.

Sasa habari ya sufuri. Ukiandika kwa C, kila namba unayotaka kuitunza lazima uiombee mahali pa kukaa. Wasomi wanapaita kigeu. Sisi karakanani tulipaita kibakuli. Na ukiomba kibakuli katikati ya kazi, C hukupa kama kilivyo, na mabaki ya aliyekitumia kabla yako. Ni kama kuazima bakuli kwa jirani asiyeosha vyombo. Leo utalikuta tupu, kesho lina mchuzi, keshokutwa lina miba ya samaki. Programu yangu ya kwanza kabisa iliwasha taa ilipotaka na kuizima ilipotaka, nami nikawa nahisi boksi lile limeingiwa na shetani. Fundi aliitazama kidogo tu akaniuliza, "Hiki kibakuli umekiosha?" Sikujua kuwa huoshwa. Akaniandikia "sawa na sufuri" mbele ya jina la kibakuli, na shetani akaondoka.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa sufuri. Nilitia sufuri kwenye kila kitu. Kibakuli kinachohitaji, sufuri. Kisichohitaji, sufuri. Hata vile vibakuli vya nje, vinavyoonekana na programu nzima, ambavyo C yenyewe huviosha bila kuombwa, nami navyo nikaviosha tena. Programu zangu zilikuwa na sufuri kuliko maneno. Hakuna aliyenikosoa, nami nikadhani huo ndio ustadi.

Halafu akaja Mwende.

Alikuja kutoka Ukambani, amemaliza chuo kikuu, mwembamba, mcheshi, na kikombe chake mwenyewe ndani ya mkoba. Wiki ya kwanza nilimpenda sana. Nilimwonyesha viazi vya karai vinauzwa wapi, nikamfundisha kuamkia watu vizuri, maana alikuwa akimwamkia Fundi "Habari" kama anaamkia mwenziwe. Wiki ya tatu Fundi akampa programu yangu aisome mezani.

Akasoma vizuri tu mpaka mahali fulani. "Kina, sawa na sufuri." Mstari unaofuata: "Kina, sawa na soma kipimo." Akarudi nyuma.

"Mzee Charo, hii sufuri inafanya kazi gani hapa?"

"Inaosha."

"Lakini mstari unaofuata unakijaza. Hakuna mtu ameichungulia hiyo sufuri hata mara moja."

"Hata hivyo kimeoshwa."

"Ni kama umeosha kikombe, halafu hapo hapo ukakitumbukiza ndani ya sufuria ya chai."

Watu wakacheka. Hilo ningelivumilia. Lakini Fundi naye alicheka, mabega yakimtikisika, na hapo pakanichoma. Miaka kumi na moja sijawahi kumchekesha hivyo.

Mwende hakuishia kwenye mzaha, na hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana ndiyo faida ya maneno yangu yote. Kuna ile programu inayogeuza maandishi yetu yawe maneno ya chipu, kompaila. Kompaila ina akili kiasi. Ukiacha kibakuli bila kukijaza, na kukawa na njia moja ndani ya programu inayokitumia kabla hakijajazwa, itakupa onyo. Lakini ukikitia sufuri ya mazoea, itadhani hiyo sufuri umeikusudia, na itanyamaza. Mwende akaiondoa sufuri yangu kwenye sehemu yenye njia tatu, akaiendesha kompaila mbele yetu, na papo hapo onyo likatoka. Njia mbili zilijaza kina. Ya tatu, ile ya waya wa kipimo kukatika, haikukijaza. Kwa hiyo miaka yote, panya akitafuna waya shambani kwa mtu, boksi letu lilisema kina ni sufuri, maji hakuna, na pampu ikawaka. Wakulima walikuwa wakilalamika mafuriko ya ajabu nasi tukiwalaumu panya.

Fundi akasema taratibu, "Basi sufuri hizi zilikuwa zatuziba masikio."

Alisema zatuziba, wingi. Lakini zilikuwa zangu, na kila mtu pale mezani alijua.

Baada ya hapo mlango wa Fundi ukaanza kufungwa. Kila asubuhi, saa mbili na nusu, alimwita Mwende ndani, naye akaingia na rundo la karatasi, programu za zamani za Fundi, zile nilizozisoma mimi. Nilisikia sauti yake mlangoni, hafifu, ikisoma. Nilihitaji waya kutoka kabati lililo karibu na mlango ule mara tatu kwa asubuhi moja. Siku moja mlango ukafunguka nikamwona ameketi kwenye kiti changu, upande wa kulia karibu na dirisha, na kikombe chenye mstari wa buluu mbele yake. Nikarudi mezani kwangu nikaunguza kidole kwa chuma cha kulehemu.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwa kuzungukazunguka. Akaendelea kukuna nazi mpaka nimalize, kisha akasema, "Wewe Charo una wivu wa mke mwenza." Akacheka hadi akaweka nazi chini. Mimi sikucheka. Kila mtu alijua Fundi angestaafu baada ya Ramadhani, na atakayekuwa msomaji wake ndiye atakayeachiwa chumba kile, maboksi ya Gongoni na neno la mwisho mezani. Nilikisubiri kiti kile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa nilikuwa naona kinachukuliwa na binti aliyejua C kabla hajajua mahamri.

Nikasema basi, kama mchezo ni kuondoa sufuri, hata mimi mikono ninayo.

Wakati ule tulikuwa tunatengeneza boksi jipya la vitalu kumi vya Gongoni. Mifupa ya programu ilikuwa ya Fundi, ya miaka mingi nyuma. Nyama nilitia mimi, kila kipande nikimsimulia Fundi kwa mdomo. Alasiri moja nikafunga mlango na kuanza kung'oa. Niling'oa sufuri arubaini na tatu. Nilizihesabu kwa raha. Programu ikawa fupi, nyepesi, nikaijaribu kwenye chipu ya mezani ikafanya kazi vizuri kabisa.

Lakini nilichomwiga Mwende ni mkono tu. Sikuwa nimeiga sikio. Kompyuta yangu nilikuwa nimeizimia maonyo ya kompaila tangu enzi, kwa sababu yalinichosha, na sikukumbuka kuyawasha. Na katika zile arubaini na tatu, moja, ya mifupa ya Fundi, ilikuwa na kazi. Kulikuwa na kibakuli kinaitwa jumla. Boksi hupima kina mara kumi, hukusanya vipimo vyote ndani ya jumla, kisha hugawanya kwa kumi, ili wimbi dogo la upepo lisilidanganye. Tazameni tofauti. Kina hujazwa, kilichokuwamo kinafutika. Jumla huongezewa, kilichokuwamo kinabaki humo humo. Kibakuli cha kuongezea lazima kianze na sufuri. Mezani kwangu kilitokea kuwa kitupu kwa bahati tu, kwa sababu nilijaribu na kipimo cha kitalu kimoja tu na hakuna aliyekitumia kabla yake. Bahati ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote katika kazi hii.

Siku ya kusoma ikafika. Mwende akanyoosha mkono kuichukua karatasi, nami nikawahi kusema, kwa heshima zote, "Fundi, mifupa ya programu hii ni yako, ingawa mwandishi ni mimi. Ingekuwa fahari kwetu utusomee wewe mwenyewe leo."

Mwende akasema haraka, "Wacha nisome mimi. Fundi ana mafua."

"Mwende, mwache mkubwa," nikasema.

Nilijua ninachofanya: nilikuwa nikimwondoa kwenye kiti mbele ya watu. Kukataa mbele ya watu wake asingeweza. Akaichukua karatasi, akavaa miwani, akasoma.

Wallahi alisoma. Sauti ilitoka kama ya zamani, hakukwama, hakurudia, hakuweka kidole. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa kwa furaha. Mwende alikuwa amekunja mikono magotini, amemkazia macho Fundi bila kupepesa, nami nikajiambia, leo umeonja.

Kisha Fundi akasoma: "Jumla, sawa na sufuri."

Nilisikia. Mkono wangu ulikuwa kwenye sikio la kikombe ukabaki pale pale. Karatasi ile nilikuwa nimeiandika mimi, na kwenye mstari ule hapakuwa na sufuri. Niliing'oa kwa mkono wangu. Ningeweza kusema, "Fundi, samahani, rudia hapo." Maneno manne matano tu, na yote yangeishia mezani. Lakini kusema hivyo ni kumwambia mkubwa mbele ya watu kwamba amesoma kisichokuwapo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nashinda, na sikutaka kusimamisha ushindi wangu katikati. Nikainamisha macho, nikanywa chai.

Boksi likafungwa Gongoni. Siku mbili lilikwenda salama, kwa kuwa vipimo vya vile vitalu kumi vilikuwa vikiungwa kimoja kimoja. Siku ya tatu vyote kumi vikaunganishwa, na saa nne asubuhi simu ikapigwa. Tukapanda pikapu ya karakana, Fundi, Mwende na mimi, tukavuka daraja la Sabaki.

Kama hamjawahi kuona kitalu cha chumvi kilichoiva, ni maji ya bahari yaliyoanikwa wiki nyingi mpaka yakauke yabaki tabaka jeupe, nene, linalolia chini ya kiatu. Kitalu cha saba kilikuwa kimeiva. Wanawake wa kukokota chumvi walikuwa wamekwisha kuja na reki zao. Tulipofika tulikuta pampu inanguruma inamwaga maji ya bahari juu ya tabaka lile, na weupe wote unageuka kuwa kijivu, kisha unapotea. Mlinzi wa pampu alikuwa akibonyeza vitufe vya boksi letu kama mtu anayebembeleza. Aliyekwenda kukata umeme ni Mama Sidi, kiongozi wa wale wanawake, leso kiunoni na viatu vya mpira hadi magotini.

Fundi akamwamkia. Yeye akaitikia vizuri, hakutukana mtu. Akatuonyesha kitalu. "Lola munyu," akasema kwa Kigiriama, akinitazama mimi kwa kuwa alijua ni wa kwao. "Itazame chumvi. Imerudi maji." Kisha akatuonyesha kioo cha boksi. "Na hili sanduku lenu linasema humu mna maji chini ya sufuri. Nimeuliza kila mtu hapa, chini ya sufuri kuna maji gani?"

Wale wanawake walikuwa wameegemea reki, wanangoja kuambiwa waende nyumbani.

Tukakaa kwenye kivuli cha banda la pampu. Fundi akaomba karatasi. Nikaitoa mkobani nikampa, naye bila kuitazama akampa Mwende. "Soma ile sehemu ya wastani, binti yangu."

Mwende akasoma. Alipofika, akasema, "Jumla." Akapitisha kidole kwenye mstari. "Hakuna kitu hapa, Fundi. Ni jumla peke yake, inaanza na mabaki iliyoyakuta, hata yakiwa chini ya sufuri."

"Mimi nilisoma sufuri," Fundi akasema.

"Ulisoma, Fundi," nikajibu.

"Haikuwapo?"

"Haikuwapo. Niliitoa mimi."

"Na ulinisikia nikiisoma."

"Nilikusikia."

Akavua miwani akaishika mapajani. Hapo ndipo nilipoyatazama macho yake vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya sijui muda gani. Yalikuwa yananielekea, lakini hayakunifika.

Ilikuwa presha ya macho. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Mwende aligundua wiki yake ya pili, alipomwona akitia sahihi juu ya maandishi. Kila asubuhi nyuma ya ule mlango hakukuwa na siri za kazi. Alikuwa akimsomea. Programu zake zote alikuwa nazo kichwani, na siku ile mezani alisoma ile ya kichwani, akifungua kurasa kwa kukisia.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Niliuliza kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Kitalu kizima cha chumvi kinayeyuka, na mimi nalalamika kama mtoto aliyenyimwa.

Fundi akasema, "Kwa Mwende mimi ni mzee mwenye macho mabovu, na hilo halimpunguzii kitu. Kwako wewe mimi ni Fundi Shee. Sikutaka umkose." Akanipapasa hadi akalipata bega langu. "Na waona, uliponisikia nasoma kisichokuwapo, ukanisitiri. Ulinistahi mbele ya watu. Lakini mezani, Charo mwanangu, pale si mahali pa sitara."

Vijana wangu, haikuwa sitara. Ulikuwa wivu mtupu. Lakini alikuwa amenipa jina zuri la kosa langu, nami nikalipokea nikalivaa.

Adhabu alinipa moja. Kila Jumamosi niende Gongoni nikakokote chumvi na Mama Sidi mpaka kitalu cha saba kiive tena. Nilikwenda. Chumvi iliingia kwenye nyufa za miguu yangu, na Mama Sidi alikuwa akipita na kuuliza mbele ya wenzake kama leo nimeshafika chini ya sufuri au bado. Nilijifunza pale vitu ambavyo kompyuta haikunionyesha: kwamba upepo wa kusi hulaza maji yote upande mmoja wa kitalu, kwa hiyo kipimo kikiwekwa upande mwingine kitasema uongo hata programu iwe safi namna gani. Mkipewa kazi ya mashine, nendeni mkaguse kitu chenyewe kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Fundi akastaafu hata kabla ya Ramadhani, na chumba akapewa Mwende. Nilifanya kazi chini yake mpaka siku yangu ya mwisho. Mnataka niwaambie wivu uliniisha? Haukuniisha. Ulipungua makali, lakini kila akisimama mezani na karatasi, na watu wakanyamaza kabla hajafungua mdomo, kitu kilinikwaruza hapa kifuani. Hata hivyo alikuwa fundi, na nitamsema kwa haki. Yeye ndiye aliyetuanzishia kuchafua vibakuli makusudi: kabla ya jaribio lolote tuliijaza kumbukumbu ya chipu takataka, namba za ovyo, ili kibakuli kisichooshwa kijitangaze palepale mezani kisingoje kufika kwa watu. Alituamrisha maonyo yote ya kompaila yawashwe, na onyo moja tu likitoka, kazi inasimama. Na alitufundisha tuombe kibakuli karibu na pale kinapohitajika, tukijaze kitu cha kweli mara moja, ili hilo suala la kuosha lisizuke kabisa. Sufuri ibaki pale tu ambapo sufuri ni jibu. Fanyeni hivyo, mtalala usingizi.

Mimi mwenyewe nikaja kuwa hodari wa kuziondoa. Siku hizi huondoa polepole. Natoa moja, naendesha kompaila, nasikiliza. Natoa nyingine.

Fundi sasa haoni kabisa. Kila Alhamisi baada ya alasiri ninakwenda kwake Malindi kumsomea. Hataki magazeti. Anataka programu zake, zile za zamani pamoja na hii ya Gongoni kama ilivyo sasa, na ananisahihisha kwa kugonga mkono wangu kwa kidole. Nikiingia hunipokea vizuri, "Marahaba, mwanangu, karibu," kisha swali la kwanza ni, "Mwende hajambo?" Kila Alhamisi. Na mimi kila Alhamisi najibu hajambo, nikivua viatu taratibu ili uso wangu utulie, ingawa mwenyeji wangu hauoni.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nasoma ile ya Gongoni. Nimeisoma mara nyingi, naijua. Nikafika pale, nikasema, "Jumla, sawa na sufuri," nikawa naendelea mbele.

Kidole chake kikanigonga. "Umeiona," akauliza, "au umeikumbuka?"

Kusema kweli macho yangu yalikuwa mbali, dirishani. Nikainama nikaitafuta kwenye karatasi, na mimi pia siku hizi lazima niilete karibu. Ilikuwapo. Mwende aliirudisha kwa mkono wake siku ile ile ya Gongoni.

"Sasa nimeiona," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinama, na yeye haoni, na mwaka baada ya mwaka neno hili limenikaa kooni, nikalisema. "Fundi, siku ile mezani sikukusitiri. Nilinyamaza kwa wivu. Nilitaka kumshinda Mwende."

"Najua," akasema Fundi Shee. "Mwende alinambia siku ile ile ya Gongoni, tulipokwisha kukushusha Sabaki. Alikuona mezani, kwa pembe ya jicho, ulivyoinamisha macho. Akaniomba nisikuulize, nikungoje useme mwenyewe." Akanigonga mkono tena. "Umekawia. Haya, soma."

Hata hapo, vijana wangu, Mwende alikuwa amenitangulia. Nikaweka kidole juu ya ile sufuri, nikasoma.